Aliyefuta Kaseti ya Upupu

Saa nne na dakika chache, asubuhi ya Jumamosi, katika ukumbi ulio nyuma ya nyumba ya wageni ya Wilbard Sichone, mtaa wa Sogea, Tunduma, kitufe cha redio kaseti kilibonyezwa na hakuna kilichoimba.

Watu walikuwa kama arobaini, wamevaa mashati ya kijani ya sare, na nusu yao walikuwa wameshaanza kutabasamu kabla ya wakati. Ndivyo walivyozoea. Yesaya Upupu hakuhitaji kuimba ili watu wacheke. Alikuwa anakohoa tu, ukumbi unaanguka. Lakini siku hiyo spika mbili kubwa zilitoa sauti ya mchanga unaomwagwa juu ya bati, basi. Honi za malori zikasikika kwa mbali. Jamaa mmoja wa nyuma akacheka, akidhani huo nao ni utani wa marehemu. Wilbard akageuza upande wa pili. Mchanga uleule.

Kwenye kiti cha mbele, kilichotandikwa kitenge kipya, alikaa Bibi Gwalugano, mjane wa Upupu, aliyetoka Igamba alfajiri kuja kuisikia sauti ya mumewe ikipigwa mbele za watu. Alisubiri, mikono mapajani, kwa adabu ya mtu aliye kanisani. Alipoona kimya kimezidi akamgeukia mzee aliyekaa kulia kwake.

"Kalisti, mwanangu," akauliza, "mmemweka wapi mume wangu?"

Kalisti Simbeye alikuwa mpelelezi wa polisi mstaafu. Katika kazi yake alishabanwa na mawakili wenye midomo mikali, na hakuna swali lililowahi kumlemea kama hilo. Kwa sababu ni yeye aliyekwenda Igamba Jumapili iliyopita, akaipokea kaseti ile kwa mikono miwili, akaapa mbele ya mama huyo kwamba atairudisha ikiwa salama, pamoja na nakala ya kuweka kwenye simu za wajukuu. Haikuwa na pacha. Kaseti nyingine zote za Upupu ziliuzwa madukani. Hii aliirekodi mwenyewe sebuleni kwake, kwa gitaa na redio yake, mwaka mmoja kabla hajafa, na haikutoka nje ya sanduku la mkewe hadi Kalisti alipobisha hodi.

Inafaa kusema hao wenye mashati ya kijani walikuwa akina nani, maana mpita njia angewadhania kwaya. Walijiita Wana Upupu. Kwa miaka sita walikuwa wakizisaka kaseti za mwanamuziki huyo aliyewachekesha wakiwa vijana. Albamu moja waliipata kwa wafugaji kule Momba, ikiwa imefungwa shingoni mwa ndama kama kengele. Nyingine waliinunua kwa mchimbaji wa dhahabu wa Saza ambaye hakuwa hata na redio, alikuwa anaipenda picha ya kava. Walifikisha nane. Hii ya tisa ndiyo ilikuwa inakamilisha kabati, na juu ya kava lake marehemu alikuwa ameandika kwa mkono wake: *Toroli, Mara ya Pili*.

Hapo ndipo mate yaliwajaa watu. Nani katika mkoa wa Songwe asiyeujua wimbo wa "Mama Toroli"? Ni ule wa mwanamke anayemsukuma mumewe mlevi kwenye toroli, kamfunika magunia, na kila akiulizwa njiani amebeba nini anajibu, "Mbolea." Upupu alilivuta neno hilo kwa sauti ya puani mpaka mtu ashike mbavu. Wana Upupu waliuweka mtandaoni, na sasa hata vijana waliozaliwa baada ya kaseti kufa walikuwa wanauimba kwenye bodaboda.

Na walikuwa na sheria yao moja, waliyoilinda kuliko katiba: sikio la kwanza ni la wote. Albamu ikipatikana, hakuna kuisikiliza kwa kuiba, hakuna kuinakili, mpaka siku ya mkusanyiko. Aliyevunja alinunua mbuzi. Kwa sheria hiyo kaseti ya tisa ilikuwa imekaa juma zima bila mtu kuipiga hata dakika moja, na bila nakala. Waliipenda mpaka wakaiacha bila kinga.

"Imeoza," Wilbard alisema watu walipotoka ukumbini. Alikuwa mtu mnene, mwenyekiti wa kikundi, na jasho lilikuwa limemlowesha shingo. "Utepe wa zamani, afande. Hufa wenyewe."

Kalisti aliitoa kaseti, akaipeleka dirishani. Utepe ulikuwa mweusi, unang'aa, hauna ukungu. Akaigeuza mgongo. Kila kaseti ina vijimeno viwili vya plastiki mgongoni. Ukivivunja, redio hukataa kurekodi juu yake. Vya hii vilikuwa vimevunjwa. Pamebaki vitundu viwili.

"Mama," akamwita Bibi Gwalugano, "haya meno nani aliyavunja?"

"Yesaya mwenyewe, kwa kisu cha jikoni. Alisema asije mjukuu akarekodi mpira juu yake."

"Kwa hiyo haikufutika kwa bahati mbaya," Kalisti alisema. "Aliyeifuta alilazimika kwanza kuziba haya matundu. Alijua anachofanya."

Katika tundu moja kulikuwa na kitu kimenasa, kidogo kama punje ya uwele, cheupe. Akakitoa kwa ncha ya pini, akakifunga kwenye karatasi ya sigara. Bibi Gwalugano alimtazama muda wote huo, kisha akatangaza kwamba yeye harudi Igamba bila mumewe, na Wilbard akampa chumba.

Kalisti alianza na mwenye nyumba. Walikaa ofisini, mbele ya kabati la mbao. Ndani yake ulining'inia mfuko wa kitambaa cha kijani wenye vijumba tisa, kila kaseti na kijumba chake, imeingia sawasawa bila kubana wala kulegea.

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi. Haujatoka kwenye mkanda wangu."

"Tangu Jumatatu nilipokukabidhi, nani ameitoa kaseti nje ya kabati hili?"

"Hakuna."

"Nani ameiona?"

Wilbard alifikiri. "Rabson alikuja Jumanne kupiga picha. Jumatano alikuja Muinjilisti Efraimu. Basi. Na wanachama wanaoingia na kutoka, lakini hao ni sisi wenyewe."

Kalisti alijua mshale unaelekea wapi, na akaufuata kwanza huko ulikokuwa unataka kwenda. Rabson alikuwa mfanyabiashara wa Nakonde, ng'ambo ya pili ya mpaka, upande wa Zambia, mwenye kituo chake cha muziki mtandaoni. Mwezi mzima alikuwa akiwabembeleza wamuuzie haki ya albamu ya tisa, wakamkatalia. Kalisti alimkuta mpakani akipakua maboksi ya biskuti.

"Awe, hapana, ba Kalisti!" Rabson alipiga mkono kifuani. "Mimi niifute? Ningeiiba, sawa, hapo ungenishika shati. Lakini mfanyabiashara anachoma duka analotaka kulinunua?"

"Ulikataliwa. Mtu akikosa ng'ombe anaweza kumwaga maziwa."

"Nilikuwa bado naongea bei. Muulize Wilbard, jana usiku kanipigia mwenyewe, anataka tukae tena."

Kalisti alimuuliza Wilbard kwa simu palepale. Wilbard alikohoa, akakiri. Mwenyekiti wa sheria ya sikio la kwanza alikuwa anatafuta namna ya kuwauzia wengine sikio la pili. Ilikuwa aibu, lakini aibu ya namna hiyo ilimtoa Rabson kwenye orodha, na Wilbard pia.

Efraimu alikuwa jambo jingine. Alikuwa mdogo wake Upupu, tumbo moja, na miaka mingi iliyopita, alipookoka, alikusanya kaseti za kaka yake kijijini na kuzitia moto, akiziita nyimbo za mizaha ya shetani. Kama kaseti za Upupu ni adimu leo, sababu moja ni Efraimu. Kalisti alimkuta Igamba jioni hiyohiyo, akipalilia kahawa.

"Bwana Yesu asifiwe, muinjilisti."

"Ameni. Najua ulichofuata. Shemeji kanipigia analia."

"Jumatano ulikwenda kwa Wilbard kufanya nini?"

Efraimu aliegemea jembe lake. "Kuishika."

"Kuishika tu?"

"Nilimwomba niishike. Kava lina mwandiko wake. Nikaishika, nikamrudishia, nikapanda gari nikarudi. Wewe unadhani mimi ndiye. Hata mimi ningedhani. Lakini mimi nilipochoma, nilichoma mchana, mbele ya watu, na jina langu nikalitaja. Sasa nimezeeka, nimebaki mwenyewe katika nyumba yetu, nilikuwa nataka nimsikie kaka yangu akikohoa. Hicho kikohozi tu." Alirudi kwenye jembe lake. "Kile nilichokichoma mimi hakirudi. Huyo mwingine naye atakuja kujua."

Kalisti aliondoka akiwa amemwamini, na kumwamini kukamuuma kuliko kumshuku.

Nyumba yake iko karibu na Mbozi Mission, mbali na barabara kuu, mahali ambapo Jumapili mchana, ibada ikishamalizika, unasikia kuku akipiga mbawa. Alikaa sebuleni na shati lake la sare, akavaa hedifoni, akaanza kusikiliza ule mchanga tangu mwanzo. Mkewe alimwona akasema mstaafu amepata kichaa chake.

Ndani ya mchanga, honi ya lori ikalia.

Kalisti akavua hedifoni. Nje kulikuwa kimya. Akavaa tena, akarudisha nyuma. Honi. Kisha nyingine, nzito, na breki za upepo zikitoa pumzi. Jana ukumbini alizisikia honi hizohizo, akadhani ni malori ya foleni ya mpakani, kama walivyodhani wote. Kumbe zilikuwa ndani ya kaseti.

Akaelewa. Redio kaseti nyingi za zamani zina kipaza sauti kidogo kilichojengwa ndani. Mtu akibonyeza kurekodi, hata kama redio imezimwa na hakuna waya uliochomekwa, mashine haiandiki ukimya, inaandika chumba. Aliyemfuta Upupu alijirekodi mwenyewe bila kujua.

Kalisti aliongeza sauti. Foleni ya malori, kwa hiyo ni Tunduma, si Igamba. Mtu akipita nje akasalimia kwa Kibemba, "Mulishani, bamayo," akajibiwa kwa mbali. Hilo lingemrudisha mtu kwa Rabson, lakini nyumba za upande wote huo wa mji husalimiwa hivyo na Wazambia wanaokuja kununua. Halafu kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Halafu, karibu kabisa na redio, mtu alivuta kamasi. Akashusha pumzi kwa vipande vipande. Na sauti ya mwanamke mzee, yenye lafudhi ya Kinyiha, ikauliza toka chumba kingine:

"Mbona unalia?"

Hakujibiwa. Mchanga ukaendelea hadi mwisho wa upande.

Katika kesi zake zote Kalisti hakupata kuona mtu anayeharibu kitu huku analia namna ile. Mwizi halii. Mwenye husuda halii, angalau si mapema hivyo. Akaifungua ile karatasi ya sigara, akaitazama punje nyeupe kwa miwani. Haikuwa karatasi. Ilikuwa na nyuzi, imekauka, ngumu. Aliigeuzageuza, akajikuna shingo kama anavyofanya akiwaza, na ukucha wake ukagusa kola ya shati.

Kola ilikuwa ngumu.

Akavua shati, akachukua wembe, akaifumua kola kwa ndani. Mkewe akapiga yowe, shati zima hilo. Ndani ya kola mlikuwa na kile kitambaa kigumu cheupe wanachoweka mafundi ili kola isimame. Akakata pembe moja, akaiweka kando ya ile punje. Hazikuwa na tofauti.

Akampigia Wilbard. "Ule mfuko wa vijumba tisa. Kaseti zimeenea barabara. Fundi alijuaje kipimo?"

"Si alichukua kaseti ya kupimia? Fundi hapimi kwa macho. Alhamisi alichukua moja, Ijumaa akarudisha na mfuko."

"Nilikuuliza nani ametoa kaseti, ukasema hakuna."

"Lakini afande, huyo si ni fundi tu anayepima? Ni Justina!"

"Alichukua ipi?"

"Aliichagua mwenyewe," Wilbard alisema taratibu. "Akasema atachukua ya juu, ile ya tisa."

Justina Mgala ndiye aliyeshona mashati yote ya kikundi. Aliitwa kwa kazi hiyo miaka miwili nyuma, na kazi ilipokwisha hakuondoka. Akawa mwanachama, mkimya, wa kukaa nyuma karibu na mlango. Kalisti alimpenda kama binti. Alijaribu kukumbuka kama aliwahi kumwona akicheka, na hakukumbuka. Alitumia umri wake akiangalia nyuso za watu, na uso huo aliupita kila mwezi bila kuuangalia.

Jumatatu saa tisa alasiri walikwenda Majengo, kwenye vyumba viwili vya kupanga vilivyotazamana na foleni ya malori. Wilbard alikuwepo, na Bibi Gwalugano naye, aliyekataa katakata kuachwa. Justina alikuwa barazani kwenye cherehani. Kwenye mkeka kando yake mwanamke mzee, amejifunga kanga kifuani, alikuwa anachambua maharage.

"Shikamoo, mama," Kalisti alisema.

"Marahaba, baba. Karibuni. Justina, wape wageni viti."

Kalisti hakuhitaji kusikia zaidi. Sauti ilikuwa ileile. Kupitia mlango uliokuwa wazi aliiona redio kaseti ya zamani juu ya meza, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Justina," alisema, akaketi. "Ulipimia kaseti ipi?"

"Yoyote tu, afande."

"Ya kupimia haizibwi matundu." Alifungua karatasi, akaweka juu ya cherehani ile punje na kile kipande cha kola. "Na redio yenu ile ina kipaza sauti ndani. Ulipobonyeza kurekodi haikurekodi kimya, mwanangu. Imerekodi malori. Imemrekodi mama akikuuliza swali. Na imekurekodi wewe."

Cherehani ilisimama. Justina alimtazama mama yake, si Kalisti.

"Mama, ingia ndani."

"Siingii. Nani hawa, na swali gani?"

"Ni Wana Upupu, mama."

Mwanamke mzee aliacha maharage. Uso wake ulikunjamana. Aliwatazama watu wale watatu mmoja baada ya mwingine kama mtu aliyeambiwa moto umevuka mto.

"Mmenifuata mpaka huku," alisema.

Hapo Wilbard naye akaelewa, akakaa chini kwenye sakafu, viti vipo.

Justina alisimulia, macho yake yakiwa kwenye sindano. "Huyu ndiye Mama Toroli wenu. Anaitwa Fides. Baba yangu hakuwahi kunywa pombe. Alikuwa na uvimbe tumboni, hawezi kutembea, na Igamba siku hizo gari lilikuwa linapita likipenda. Mama alimpakia kwenye toroli akamsukuma mpaka hospitali ya Mbozi Mission. Kila miadi. Mimi nilikuwa natembea pembeni nimeshika maji. Baba alikuwa na aibu, hakutaka watu wamwone alivyokwisha, ndiyo maana alifunikwa magunia. Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha kujibu. Akasema, mkiulizwa, semeni mbolea."

Justina alilisukuma gurudumu la cherehani kidogo, akaendelea.

"Upupu alikuwa amekaa kwenye kilabu pale njiani. Alimuuliza mama amebeba nini. Mwaka huohuo wimbo ukatoka. Baba alikuwa bado hai, aliusikia kwenye redio ya jirani. Alipokufa, msibani kuna watu walishindwa kujizuia. Tukahamia Tunduma, mtu wa Igamba akamtambua mama sokoni, ikawa Mama Toroli tena. Tumehama nyumba mara tatu. Miaka hii watu walianza kusahau, halafu mkaufufua ninyi. Nilikubali kushona mashati yenu ili nijue mmefika wapi. Nilipoliona kava, 'Mara ya Pili', nikasema hapana. Amefanya mara moja, imetosha. Kaseti za zamani hufa zenyewe, nani angeuliza?"

Kalisti alikuwa ameucheka wimbo ule kwa miaka thelathini. Aliwahi kuuimba kwenye harusi ya mwanawe, na lile neno akalivuta puani, watu wakamtuza. Alijisikia mchafu, mzee, na mjinga, kwa mpangilio huo.

Bibi Gwalugano ndiye aliyeuliza. Sauti yake haikuwa na hasira.

"Ulisikiliza kabla ya kufuta?"

"Nisikilize nini, bibi? Si imeandikwa juu?"

"Hukusikiliza," mjane alisema. "Hakuna aliyesikiliza." Akajishika goti. "Mwaka ule aliorekodi, Yesaya aliugua wakati wa mvua. Barabara imekatika, gari hakuna. Nikaazima toroli. Nikampakia, nikamfunika magunia, nikamsukuma. Tukakutana na vijana. Wakatuuliza tumebeba nini, kisha wakajijibu wenyewe, kwa wimbo wake yeye, wakatusindikiza wakiimba mpaka daraja la mbele. Yesaya alilala chini ya yale magunia hakusema neno. Alipopata nafuu kidogo alianza kuuliza: yule mama wa siku ile alikuwa nani hasa, na alibeba nini. Watu wakamwambia kweli. Alikuja Tunduma kumtafuta siku tatu. Hakumpata. Ndipo akarudi, akachukua gitaa. Ile kaseti ilikuwa yako, Fides. Ilikuwa ya kukuomba msamaha, upande mzima, na upande wa pili aliwaambia watu wote waache kuuimba ule wa kwanza. Akafa kabla hajaipeleka popote."

Justina alifunika mdomo kwa mikono miwili.

"Kwa nini hukutuambia, mama?" Wilbard alinong'ona.

"Nilianza kumwambia Kalisti, siku ile uani kwangu. Akaniwekea kiganja hivi. Akasema nisimharibie uhondo, sikio la kwanza ni la wote."

Ilikuwa kweli. Kalisti alikumbuka hata jinsi alivyocheka wakati akisema. Angemwachia mama yule amalize sentensi moja, habari ingefika kwa kikundi, ingefika kwa fundi wa nyuma karibu na mlango, na leo sauti ya Yesaya ingekuwa hai.

Fides alikuwa amekaa wima kwenye mkeka. "Dada," alimwambia mjane, "alisema nini?"

Bibi Gwalugano alifumba macho. Akaimba kwa sauti nyembamba ya kikongwe, pole pole: "Fides mke wa Gwantwa, nilikuona nikacheka kabla sijauliza..." Akakwama. Akaanza tena, akafika palepale. Alijaribu mara ya tatu na maneno hayakuja, akabaki anavuta sauti tupu, kichwa kikitikisika. "Nilikuwa nasikiliza sauti yake," alisema, machozi yakimtoka. "Maneno sikuyashika. Nilijua yapo."

"Alinitaja jina?"

"Alikutaja. Na la mumeo."

Fides aliinamisha kichwa. Kwa muda alionekana kama atapokea, kama hilo lingetosha.

"Tutatangaza," Wilbard alisema haraka. "Tutaufuta ule mtandaoni leo hii. Tutaandika kila mahali kwamba mama huyu..."

"Mtatangaza kwa mdomo wa nani?" Fides alimkatiza, bila ukali. "Watu walicheka kwa sauti yake. Wangeacha kwa sauti yake. Mimi nimesikia, na dada amesikia. Tunduma haijasikia, na Igamba haitasikia." Alimtazama binti yake, na huruma iliyokuwa usoni mwake ilikuwa mbaya kuitazama. "Hukufanya kwa ubaya, mwanangu. Ulikuwa unanifunika."

Akaunyoosha mkono, akamvuta Bibi Gwalugano akae naye mkekani. "Niimbie hivyohivyo," alimwambia. "Hata kama hauna maneno."

Wanaume wawili walisimama, maana hapakuwa na nafasi yao tena. Justina aliwafuata hadi njiani, futi ya kupimia bado iko shingoni, kando ya malori yaliyokuwa yakisogea hatua moja na kusimama. Nyuma yao sauti ya mjane ilikuwa inapanda na kushuka, na honi zikaifunika, ikarudi, zikaifunika tena.

"Afande," Justina alisema. "Hunipeleki?"

Kalisti alimtazama. Maisha yake yote alijua la kufanya na mtu aliyekiri. Kulikuwa na mlango wa kituo wa kumpitisha, na benchi la kumkalisha, na mtu wa kumwandika jina.

"Nikupeleke wapi, mwanangu?" alimuuliza, na alikuwa anauliza kweli.